Mstari Ambao Mama Hakukubali Uguswe

Watumishi wa Mungu, ndugu, majirani, na ninyi wa kiwanda cha uchapaji mliokuja moja kwa moja kutoka zamu ya asubuhi: asanteni kwa kufika. Mimi ni binti wa marehemu, mtoto wake wa pili. Nimepewa kusoma maisha ya Mama kwa sababu kaka yangu amesema sauti yake haitafika mwisho. Na yangu sina hakika nayo, kwa hiyo mnivumilie.

Kabla sijaendelea. Leo asubuhi baba mdogo alinivuta kando ya mlango wa jikoni akaniomba nikiruke kifungu kinachohusu baba yake Mama. Namheshimu baba mdogo, na najua aliomba kwa mapenzi. Lakini karatasi hii Mama aliisoma mwenyewe mwezi wa Februari, akaisahihisha kwa kalamu yake nyekundu, na kando ya kifungu hicho akaandika neno moja: "Kisirukwe." Kimechapwa kwenye programu mliyoshika. Nitakisoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya wanne, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao. Zilikuwa nyumba za safu, chumba na sebule, zenye vumbi la mbao hadi ndani ya chumvi. Baba yake alikuwa fundi wa kunoa misumeno. Mama yake alishona nguo za watoto. Waliomfahamu utotoni wanasema alikuwa mtoto wa maswali mengi, na kwamba akiulizwa jambo hujibu kwa kuuliza lingine, mpaka unasahau ulichokuwa unataka.

Siku ya Alhamisi, tarehe 17 Novemba 1960, baba yake aligombana na mfanyakazi mwenzake kwenye kibanda cha kunolea misumeno. Hakuna anayekumbuka tena chanzo. Alimpiga kwa spana kichwani, mara moja. Yule mtu alifariki Jumamosi. Alikuwa na mke na watoto wawili. Babu yetu alifungwa, na akafia gerezani mwaka 1966. Mama alikuwa na miaka tisa siku ile spana iliponyanyuliwa, na kwa zaidi ya miaka sitini jambo hili limesemwa chinichini tu. Sasa limesemwa kwa sauti.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Baada ya babu kufungwa, kuna siku mwalimu wa dini aliwakaririsha darasa zima amri kumi. Walipofika pale Mungu anaposema kwamba huwapatiliza watoto uovu wa baba zao mpaka kizazi cha tatu na cha nne, madawati ya mbele yaligeuka nyuma kumtazama. Mama alisimulia kwamba alihesabu kwa vidole chini ya dawati: baba, mimi, watoto wangu, wajukuu wangu. Vidole vinne.

Alirudi nyumbani akamuuliza mama yake kama ni kweli. Bibi alikuwa na pini mdomoni, hakuinua hata kichwa. Akamwambia, "Kitabu hakijaisha hapo. Endelea mbele."

Mtoto mwingine angechukulia kwamba amefukuzwa. Mama aliendelea mbele kweli. Alisoma sura kwa sura, pamoja na zile orodha ndefu za majina ambazo hata wachungaji huziruka, na ilimchukua karibu miaka mitatu kufika kwa nabii Ezekieli, sura ya kumi na nane. Hapo akakuta imeandikwa kwamba roho itendayo dhambi ndiyo itakayokufa, na mwana hatabeba uovu wa baba yake. Siku iliyofuata akamfuata mwalimu wa dini, kitabu wazi mikononi.

"Mwalimu, hizi sehemu mbili zinagombana."

"Maandiko hayagombani. Ni wewe hujaelewa."

"Basi nieleweshe, mwalimu."

Alisimamishwa kando ya tangi la maji mpaka kengele ya mwisho. Alikuwa akitusimulia huku akicheka, na kila mara alimalizia hivi: "Lakini hakunielewesha."

Mwaka 1971 aliajiriwa kwenye kiwanda cha uchapaji, idara ya prufu, na akakaa huko miaka thelathini na mitano. Kazi ile wakati huo ilifanywa na watu wawili: mmoja anasoma nakala ya mwandishi kwa sauti, na alama zote akizitaja, mwenzake anafuata kwa kalamu kwenye karatasi iliyotoka mtamboni. Chumba chao kilikuwa juu ya mitambo, sakafu ikitetemeka mchana kutwa. Walimwita Mama Nukta. Mafundi wa chini waliwahi kumtega: waliondoa nukta moja kwenye ukurasa wa kitabu cha kilimo, wakawekeana soda kwamba hataiona. Aliiona. Kisha akashuka ngazi akawauliza na ile koma ya mstari wa kumi na moja ni nani aliyeila. Hiyo koma hawakuitega wao. Soda alikunywa yeye.

Alifunga ndoa na baba yetu, fundi umeme, tarehe 7 Desemba 1974. Ndoa hiyo ilikaribia kutokuwapo. Kwenye kikao cha familia mbili, baba mkubwa upande wa baba alifungua Maandiko, akasoma ule mstari wa kizazi cha tatu na cha nne, akafunga, akasema, "Sisi hatuna ugomvi na binti. Tunaogopa watakaozaliwa." Mama hakutarajiwa kusema kitu siku hiyo. Alitarajiwa kukaa na kutazama chini. Alisimama, akaomba kile kitabu, akasoma sehemu ya Ezekieli.

Baba mkubwa akamuuliza, "Sasa unataka tufuate lipi?"

"Sijui, mzee. Yote mawili yameandikwa. Ila hapa mezani mlileta moja tu."

Baba alikuwa akisema kwamba alikuja kwenye kikao akimpenda, akatoka akimwogopa kidogo, na hali hiyo haikubadilika mpaka alipoingia kaburini mwaka 2011.

Kaka yetu alizaliwa mwaka 1976, mguu wa kushoto umepinda kwenye kifundo. Bibi mzaa baba alimfunua, akamtazama, akamfunika. Akasema, "Kizazi cha tatu hicho." Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Mama hakukanyaga kanisani kwa miezi mitano. Alimfunga mtoto mgongoni akapanda ngazi za idara ya prufu, akasoma vitabu vya hesabu na ratiba za treni, na nyumbani hakufungua kitabu chochote. Aliporudi kanisani hakueleza kwa nini alikuwa ameondoka, wala kwa nini amerudi. Nilimuuliza nikiwa mtu mzima. Akasema, "Nilikuwa na hasira na mtu ambaye sikuwa na mwingine wa kumlalamikia."

Nafika sasa mwaka 1988. Wale mliofanya naye kazi mnajua ninachotaka kusema.

Kiwanda kilipata kazi ya kuchapa tafsiri ya Maandiko iliyopitiwa upya. Kulikuwa na jopo la wafasiri, na mkuu wao alikuwa mchungaji msomi, mtu mpole, aliyependa kupanda mwenyewe mpaka chumba cha prufu kuuliza kazi imefika wapi. Jumatatu tarehe 13 Juni, prufu ya tatu, ambayo ni ya mwisho, ilikuwa mezani kwa Mama. Chini karatasi ilishapakiwa mtamboni. Ilibaki sahihi yake tu.

Kwenye ule mstari wa amri akakuta maneno yameongezwa kwa mkono: kwamba watoto watapatilizwa iwapo tu nao watafuata njia mbaya za baba zao. Akafungua nakala iliyoidhinishwa na jopo. Maneno hayo hayakuwamo. Akamwomba msomaji mwenzake arudie. Hayakuwamo. Mwandiko ulikuwa wa mchungaji.

Akaenda kumwita. Mchungaji akafunga mlango. Msomaji mwenzake alikuwa bado ndani, naye ndiye aliyetusimulia haya neno kwa neno. Yuko hapa leo, safu ya tatu.

"Mchungaji, maneno haya yametoka wapi?"

"Ni maana yenyewe, dada. Mstari unasema ni wale wanaomchukia Mungu. Nimeifafanua tu, ili usigongane na Ezekieli. Watu wanachanganyikiwa."

"Jopo limepitisha?"

"Jopo litakutana Septemba. Mtambo unasubiri leo." Kisha akashusha sauti. "Nisikilize. Mimi nazijua habari zako. Najua habari za baba yako, namjua na mtoto wako. Nimeyaongeza kwa ajili ya watu kama wewe."

Mama alikaa kitini. Msomaji anasema alidhani atalia, au atatia sahihi, au vyote viwili. Sakafu ilikuwa inatetemeka, na kikombe cha kalamu kikitembea pole pole kuelekea ukingo wa meza, na hakuna aliyekizuia.

"Mchungaji," akasema, "mstari huu unanitafuna tangu nina miaka tisa. Leo ningeweza kuuvunja meno, kwa kalamu hii hii. Lakini wewe ukiweza kurekebisha kinachoniuma, kesho atakuja mwingine na kalamu yake arekebishe kile kilichoniokoa. Nitamwambia nini?"

"Kwa hiyo uachwe uwaumize wengine?"

"Uachwe usomwe. Na ule mwingine usomwe. Mimi sitii sahihi."

Meneja wa kiwanda alipanda ngazi mbili mbili. Alimwambia kazi yake ni kutafuta herufi zilizopotea, siyo kubishana na wachungaji. Mama akamjibu kwamba herufi zilizozidi nazo ni kazi yake. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amesimamishwa kazi kwa muda usiojulikana, amebeba kikapu chake, yuko barabarani.

Nilikuwa na miaka tisa, nakumbuka alivyoingia nyumbani jua likiwa bado kali. Baba alipopata habari hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alisema, "Umepewa kalamu mkononi uifute laana ya mtoto wako, ukakataa?" Mama akasema, "Si laana, na si yangu kufuta." Baba hakuzungumza naye kwa siku tisa. Chumvi iliombwa kupitia kwetu. "Mwambie mama yako." "Mwambie baba yako." Wote wameketi meza moja.

Siku ya kumi kaka, wakati huo ana miaka kumi na miwili, alimfuata uani alipokuwa akianika nguo. Alimuuliza, "Mama, kwa nini hukuwaacha waongeze? Wangeacha kunisema."

Mama aliweka beseni chini. Alimweka kaka juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mimi nikajibanza mlangoni. Akamwambia, "Babu yako alinyanyua spana mara moja, na mimi nimelia miaka ishirini na minane. Watoto wa yule mtu nao wamelia. Ule mstari wa kwanza, nikiusoma, naona ndivyo mambo yalivyotokea. Ule wa pili unaniambia kwamba pamoja na hayo yote, Mungu akinitazama hamwoni babu yako. Ananiona mimi. Akikutazama wewe, anakuona wewe."

"Kwa hiyo inapatana?"

"Sina hakika, mwanangu. Ila nikiondoa mmoja nitakuwa mwongo, na nikiondoa mwingine nitakufa. Kwa hiyo ninayo yote miwili."

Sikujua kwamba baba naye alikuwa dirishani mpaka nilipomsikia akipenga kamasi. Jioni ile aliomba chumvi mwenyewe.

Wiki tatu baada ya kusimamishwa, barua ilikuja. Msomaji mwenzake alikuwa amewaandikia wajumbe wa jopo bila kumwambia Mama. Walikutana kwa dharura. Maneno yaliyoongezwa yaliondolewa, mstari ukabaki ulivyokuwa, na chini ya ukurasa ikawekwa tanbihi ndogo ya kumwelekeza msomaji kwa Ezekieli, na kwa Ezekieli tanbihi ya kumrudisha kwenye amri. Barua aliileta mchungaji mwenyewe, kwa miguu, jua la saa saba. Alikunywa maji glasi mbili kabla hajasema kitu. Kisha akasema, "Dada, nilitaka kukuonea huruma, nikakosea nani wa kumwomba ruhusa." Mama akamkaribisha chakula. Walibaki marafiki mpaka mchungaji alipofariki, ingawa hawakuwahi kukubaliana kuhusu mstari huo.

Mama alistaafu mwaka 2006. Alianza kusahihisha mabango ya maduka ya mtaani bila kuombwa, na wenye maduka wakaanza kumwita kabla ya kupaka rangi.

Mwaka 2018 alionekana na ugonjwa wa moyo kupanuka. Daktari alimkataza ngazi, chumvi na mambo ya kumshtua. Mawili ya kwanza tuliyaweza, kwa muda.

Mwezi wa Agosti 2019, mtoto wa kaka, akiwa na miaka ishirini, aligombana na mwenzake kwenye uwanja wa mpira. Alirusha chupa. Yule kijana alipoteza jicho la kulia. Ninalisoma hili kwa ruhusa ya mpwa wangu, aliyeketi hapa mbele.

Kabla ya saa sita mchana mtaa mzima ulikuwa umeshahesabu, na wote wamefika kwenye nne. Sitawaficha: hata sisi wa nyumbani tulihesabu. Kaka alisema mbele ya watu, "Damu ya yule mzee imetufikia." Mama alikuwa kwenye kiti chake, miguu imevimba. Aliomba viatu.

Kituo cha polisi kilikuwa na ngazi kumi na nne. Alipumzika kila baada ya mbili. Mpwa wangu aliletwa kwenye benchi, fulana imechanika begani, akapiga magoti palepale.

"Bibi, wanasema si mimi. Wanasema ni damu ya yule babu."

"Nani kasema?"

"Kila mtu. Hata Baba."

"Chupa ilikuwa mkononi mwa nani?"

Askari aliyekuwa akiandika aliacha kuandika.

"Nakuuliza, mjukuu wangu. Mkononi mwa nani?"

"Mwangu, Bibi."

"Basi usijifiche nyuma ya marehemu. Mimi neno la nabii limenibeba tangu utotoni, kwamba sitabeba la baba yangu. Leo linakuja kwako na upande wake wa pili: la kwako utalibeba. Siwezi kuchukua nusu yake inayonifurahisha nikaacha nusu hii." Kisha akamshika kichwa kwa mikono miwili, akalia. Ndiyo mara pekee niliyomwona akilia mbele ya watu.

Wakili alishauri aseme alikuwa anajitetea. Mpwa wangu alisema kweli mahakamani, akafungwa miaka miwili. Baba mdogo hakumsemesha Mama kwa muda mrefu. Alisema amempeleka mtoto jela kwa sababu ya kitabu. Kaka naye alikonda. Mama akamwambia, "Na wewe usimbebee. Nabii alisema pia baba hatabeba uovu wa mwanawe. Nenda tu ukamwone." Walikwenda pamoja kila Jumapili ya siku za wageni. Na siku za katikati ya wiki Mama alikwenda nyumbani kwa kijana aliyepoteza jicho. Mara ya kwanza mama yake alimfungia mlango. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alimfungulia, akamuuliza, "Unataka nini hapa? Wewe hukurusha chupa." Mama akamjibu, "Sikurusha. Nawe hukurusha, lakini sote wawili hatulali." Waliketi.

Mpwa wangu alitoka mwaka 2021. Kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda kwenye nyumba ile, akiwa na bibi yake mbele. Waliyozungumza huko ni yao.

Kuanzia Januari mwaka huu moyo wa Mama ulichoka zaidi. Alilazwa mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 2 Mei, chumba cha wanawake, kitanda cha karibu na dirisha. Jumanne tarehe 9 Mei 2023, saa tatu asubuhi, kaka na mimi tulikuwa naye. Kupumua kwake kulikuwa kazi kubwa, tukiisikia kila pumzi na kuingoja inayofuata. Mpwa wangu akaingia, ametoka zamu ya usiku kwenye karakana, mikono ina grisi, akasimama miguuni mwa kitanda. Tulidhani Mama amelala. Akafumbua macho.

"Umekula?"

"Bado, Bibi."

"Nenda ukale."

Akatoka kwenda kununua chai na mkate. Aliporudi Mama alikuwa ameshatutoka. Alisimama pale na kikombe chake, na kaka, ambaye hajawahi kuwa mtu wa maneno mengi na mwanawe, akamwambia, "Kaa hapa, ule. Amekuagiza." Akakaa kando yake, akala mpaka akamaliza, machozi yakimwingia kwenye chai. Hakuna aliyemharakisha.

Marehemu ameacha watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja aliyezaliwa mwezi wa Machi, na dada yake mkubwa, ambaye hakuweza kusafiri. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na kila aliyeketi nasi siku hizi sita.

Mama, safari yako imekamilika na umeikabidhi kazi ikiwa safi. Lala salama mikononi mwa aliyekuona wewe.